Tonge la Kwanza

Mahajanga, 14 Mei 1979

Mdogo wangu Halimati,

Salamu utazikuta mwisho, kama nitabaki na nguvu ya kuziandika. Kwanza nijibu: huyu mtoto uliyenipa, huko kwenu alikuwa anakula nini? Hewa?

Nimempikia wali wa nazi, kautazama. Nimempikia kamba wa mchuzi mzito, wale wakubwa ambao mume wangu Athoumani huletewa na wavuvi wa Antsanitia. Akawatazama wao, akanitazama mimi, akaweka mikono mapajani kama mgeni wa harusi ambaye hajakaribishwa. Nimempikia muhogo, ndizi, kisamvu, mayai. Sahani inakwenda imejaa, inarudi imejaa. Namwambia, "Kula, mwanangu." Anasema, "Ndiyo," na hali! Hilo ndilo linalonitia wazimu. Angelia na kutupa sahani ningejua la kufanya. Huyu ananiitikia kwa adabu zote za dunia, na wali unapoa.

Wala usidhani namlea ovyo. Nimemnunulia sahani yake mwenyewe yenye maua, namwekea mnofu ulio mzuri kuliko wote, nakaa mbele yake, na mimi sitii kitu mdomoni mpaka ashibe yeye. Unamkumbuka mama yetu? Hakugusa chakula mpaka sisi tumetosheka, na ukimuuliza anasema ameshiba harufu. Nami nimenuia kuwa mama wa namna hiyo. Basi tunakaa, ananitazama, namtazama, wanaofaidi ni nzi.

Nyumba hii ni kimya, Halimati. Tangu ghasia zile za kuwafukuza watu wa asili yetu, nyinyi mkaondoka na nusu ya mtaa ikaondoka, ile sinia ya baba tuliyokuwa tukiizunguka sote nimeitundika ukutani. Athoumani maisha yake yako kwenye injini ya meli, nami nilikuwa nakula nimesimama jikoni kama punda. Uliponiambia, "Dada, Mungu hakukupa, mimi nakupa, chukua Echata," nililia mpaka macho yakavimba. Sasa mtoto ninaye, lakini haniiti chochote. Si mama, si mama mkubwa, si wewe. Akitaka kitu ananivuta leso.

Nakuandikia Kiswahili cha marehemu baba ili mama mkwe wako asitusome. Koko Fatoumia alimtoa mjukuu wake shingo upande, na alisema mbele ya watu: siku atakayosikia Echata amekonda, atakuja kumchukua mwenyewe. Basi nisaidie kabla hajasikia.

Nibusie hao watoto wako pacha.

Dada yako,
Rabiata


Hell-Ville, Nosy Be, 27 Mei 1979

Dada Rabiata, shikamoo.

Athoumani alinikabidhi barua yako mbele ya Koko, aliyekuwa kibarazani amekaa kama mkusanya kodi. "Soma," akaniambia. Nikasoma. Yaani niliikodolea macho karatasi yako na mdomo ukatoa mengine, kwa Kimalagasi chetu: Echata hajambo, amenona, anamaliza wali na kudai ukoko. Koko akasema alhamdulillahi. Mungu anisamehe, lakini ningefanyaje? Ningesoma ulivyoandika, angepanda meli hiyohiyo.

Sasa wewe, dada, punguza pilipili. Nakujua. Mchuzi wako humtoa mtu kamasi. Echata hapa alikuwa anakula kila kitu, samaki mpaka kichwa anakifyonza. Sijapata kumbembeleza hata siku moja. Nyumba hii watu tele, nani ana nafasi ya kubembelezana? Sinia ikishuka, Koko anakaa, sisi tunakaa, mara imekwisha. Asiyekula leo atakula kesho.

Na sahani ya maua ya nini kwa mtoto wa miaka minne? Unamdekeza, naye ameshakujua. Mwache na njaa yake mpaka imfundishe. Njaa haina ubishi.

Naandika nimempakata pacha mmoja, na mwingine ametambaa mpaka hapa anaivuta karatasi. Ukiona alama ya jino pembeni, ni lake.

Mdogo wako,
Halimati


Mahajanga, 12 Juni 1979

Halimati,

Pilipili! Nimepika bila pilipili. Nimepika bila chumvi, chakula cha mgonjwa, mpaka Athoumani akaniuliza nani anaumwa. Nimemwacha na njaa kama ulivyoamuru: alikaa nayo kimya, akalala nayo, na aliyelia ni mimi. Nimempeleka zahanati, muuguzi akampa dawa ya minyoo, hakutoka hata mmoja. Nimempeleka kwa fundi wa uganga, akamwandikia kombe la aya kwa zafarani, akalinywa lote na kusema ahsante. Kombe anakunywa, wali hali! Ansoifa, jirani yangu wa ukuta mmoja, akasema upepo wa bahari hufungua tumbo la mtoto. Basi nikajitwika chungu cha wali kichwani mpaka pwani ya Amborovy. Tumbo lililofunguka ni langu, nami nikajizuia, nikamngojea yeye. Tulirudi na chungu kizima.

Asubuhi afadhali. Nikiwa nachagua mchele huku natafuna mkate wangu na chai, naye anatafuna wake. Lakini mchana na jioni nikimwandalia vizuri, nikakaa nikamshughulikia, basi, hagusi.

Sasa sikia linalonichoma. Kwa Ansoifa anakula! Nimechungulia uani kwake nikamwona amechutama na watoto, Ansoifa mwenyewe katikati anamega kama anashindana nao, na Echata mashavu yamejaa. Samaki wa juzi, mafuta ya juzi! Na Athoumani akirudi safarini, anakula. Unamjua Athoumani, chakula hakijatua chini yeye keshatafuna. Anakula, mtoto anakula, wanacheka wawili hao, mimi nawapepea. Halafu ananiambia, "Mbona anakula? Labda wewe unamtisha." Namtisha! Mimi, ninayemkalia mbele na njaa yangu ili yeye ashibe!

Mkono uliopika ni uleule, chungu ni kilekile. Kwa hiyo si chakula, Halimati. Ni mimi. Mtoto hanitaki mimi.

Usimsomee Koko.

Rabiata


Hell-Ville, Nosy Be, 25 Juni 1979

Dada, shikamoo.

Koko nimemsomea kwamba Echata amenenepa mpaka magauni yanambana. Matokeo yake haya hapa: amekata kitambaa kipya, kipana, amempa Athoumani akuletee, umshonee mtoto gauni. Utajua mwenyewe pa kuupeleka upana huo.

Mimi nimechoka. Pacha wanaota meno kwa pamoja, Elarif mume wangu amepata kazi ya hoteli kule Ambatoloaka na anarudi akiwa hoi, na kila Athoumani akileta barua moyo unanipasuka, maana najua ni mlo mwingine uliokataliwa. Umejaribu haya, umejaribu yale. Sasa nikwambie nini zaidi? Kwa Ansoifa anakula, kwa Athoumani anakula, kwako hali. Mtoto anajua mkono usio wa mama yake.

Usinikasirikie, dada, lakini wakubwa walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Labda tuliharakisha. Labda arudi tu kwanza, mpaka akue kidogo, kisha tutaona.

Halimati


Mahajanga, 15 Julai 1979

Halimati,

Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena nikidhani nimekosea.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haya. Neno hilo nimeshaambiwa na mawifi, nimeshaambiwa sokoni, nimeshaambiwa na mwanamke niliyekwenda kumpa pole ya msiba. Sikutegemea kuletewa na mume wangu, limeandikwa kwa mkono wako. Mama alipougua nani alikubeba mgongoni? Nani alikutafunia muhogo akakutia mdomoni? Nilikuwa mzazi wa nani mimi wakati ule?

Gauni nimelishona. Nimelikaza kwa nyuma.

Ramadhani inaingia. Ikiisha, kama bado hali kwangu, nitakuletea mtoto wako mwenyewe, mkononi. Hakuna haja ya kutuma mtu.

Rabiata


Hell-Ville, Nosy Be, 29 Julai 1979

Dada yangu, nakuomba radhi, nimepiga magoti, na radhi hiyo nitaiomba vizuri baadaye kwa sababu sasa hakuna wakati: Koko anakuja.

Jana tumefuturu, Athoumani yuko kibarazani anakunywa kahawa, Koko akamuuliza kwa furaha, "Lile gauni limemtosha mjukuu wangu?" Na mumeo, Mungu amhifadhi, hajui uongo hata wa kuazima, akajibu, "Limemtosha, Koko, baada ya kukazwa." Kikombe cha Koko kikarudi chini. "Kukazwa?" Akamhoji mpaka akatoa yote, kombe, minyoo, Amborovy na chungu. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, zile barua ulikuwa unazisoma au unazitunga?" Natamani ungeniona. Sikuwa na pa kuingia.

Athoumani anaondoka leo na barua hii. Koko anapanda meli inayofuata. Anakuja na mkeka wake, mto wake, na gunia la mchele wake, kwa kuwa anasema huenda mchele wa Mahajanga ndio wenye kasoro. Na ameapa harudi bila Echata.

Lile neno nililoandika, dada, nililiandika sijalala siku nyingi, lakini najua hiyo si dawa. Nilimtaka mwanangu, basi, nikatafuta methali ya kumrudishia. Lakini sitaki arudi hivi, kwa kunyang'anywa mikononi mwako mbele ya majirani. Mfanye ale. Sijui vipi. Mfanye ale mbele ya Koko.

Halimati


Mahajanga, 31 Julai 1979

Halimati,

Sijapata jibu lako na hasira ninayo bado, lakini nimeiweka kando kidogo maana hili haliwezi kusubiri. Mwenzangu! Mngeniambia! Wewe na mama mkwe wako mngekufa nini mkiniambia?

Siku ya kwanza ya mfungo jua lilikuwa kali, nami nilishinda nafua. Adhana ilipolia sikumtazama mtu. Tende, maji, uji, kisha nikauvamia wali bila aibu, kichwa chini. Mara nikasikia mtu mwingine anatafuna. Sikuinua uso, niliogopa kumshtua. Nikaendelea kula, na kule ng'ambo ya kitambaa naye akaendelea kula, mpaka ile sahani ya maua ikaanza kukwaruzwa.

Kesho yake mchana nikampakulia. Mikono mapajani. Nikamuuliza, safari hii si kwa kubembeleza, nimechoka kubembeleza: "Echata, huli kwa nini?" Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Wewe hujaanza." Nikamwambia mimi nimefunga, yeye ale tu. Akatikisa kichwa. "Koko anapiga mkono. Mkubwa kwanza."

Lahaula! Miezi yote hii mimi nangoja ashibe ndipo nile, yeye anangoja nianze ndipo ale! Mimi namfuata mama yetu, yeye anamfuata mama mkwe wako, tumekaa tukiheshimiana mpaka mtoto ametoka mbavu! Na wewe uliyekula kwenye sinia ya Koko miaka yote, hukuona la kuniambia ila pilipili!

Siku hizi mchana binti wa Ansoifa mwenye miaka sita anakuja kuanza. Echata amemkagua akakubali kwamba huyo ni mkubwa.

Kwa hiyo anakula. Lakini nisikufiche. Angekula vilevile na yeyote anayetangulia, awe Athoumani, awe Ansoifa, awe mpita njia. Mimi bado ananivuta leso.

Rabiata


Mahajanga, 14 Agosti 1979

Mdogo wangu Halimati,

Onyo lako nililipata, na huyo Koko amekuja na ameondoka. Kaa chini nikusimulie.

Aliingia na mkeka, mto, gunia, na kikapu kitupu cha kutilia nguo za Echata. Kikapu hicho alikiweka katikati ya chumba ili nikione. Akamvuta mtoto, akamgeuza, akampitisha kidole mbavuni. Nikasema, "Sasa anakula, Koko." Akasema, "Nimesomewa mengi ya namna hiyo."

Nikaishusha sinia ya baba ukutani, nikaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Nilipika mchele wake, nilijua wangu hataugusa. Magharibi tukafungua kwa tende na maji kila mtu kivyake, tukaswali, nikateremsha sinia. Tukakaa watatu, Athoumani alikuwa zamu melini. Nikasema, "Karibu, Koko. Anza."

"Nianze kwa nani? Hii nyumba yako. Mgeni hatangulii."

"Wewe ndiye mkubwa wetu, Koko."

"Mkubwa huko kwangu. Hapa nimekuja kwa meli."

"Tafadhali, bismillahi."

"Bismillahi wewe."

Nikang'ang'ania, maana nikitangulia mbele yake nitaambiwa sina adabu na ndiyo sababu mtoto anaharibika. Naye akang'ang'ania, sijui kwa adabu au kwa kunipima. Mimi sishuki, yeye hashuki. Tulifunga kutwa nzima, matumbo yananguruma, na hakuna anayetia mkono! Mvuke ukaisha juu ya wali. Echata anatazama huku, anatazama kule. Nikawaza, basi imekwisha, atakaa hivi mpaka usiku, na kikapu kitajazwa.

Mara mtoto akatia mkono katikati ya sinia. Mkono wa Koko ukanyanyuka kumpiga, niliuona kwa macho yangu. Echata akafinyanga tonge kubwa kuliko kiganja chake, nusu linammwagikia, akalipitisha mbele ya Koko, akaniletea mdomoni mwangu mimi.

"Mama, anza. Nina njaa."

Halimati, sijui kama wali ule ulikuwa na chumvi. Nilimeza mzimamzima. Machozi yalinitoka palepale, na pua nayo, huku mdomo umejaa, sikuwa na haya tena.

Mkono wa Koko ulibaki juu muda. Kisha akaushusha kwenye sinia. "Haya," akasema, "mwenye nyumba keshaanza." Akala, na mtoto akala, wakanipita mbio. Na alipomaliza akasema achari yangu haina limau.

Asubuhi alikaa na Echata uani mpaka jua likawa juu. Sikusikia walichozungumza. Aliporudi ndani akakichukua kikapu akakikung'uta, akaniuliza nina uduvi. Nikakijaza uduvi. Gunia la mchele ameliacha, amesema si langu, ni la mjukuu wake, na nisiuze.

Lile neno lako nimelisamehe. Si kwa wema wangu, bali kwa sababu nimelitafuta kifuani nisilione.

Dada yako,
Rabiata


Hell-Ville, Nosy Be, 27 Agosti 1979

Dada Rabiata, shikamoo, na Idi njema ingawa imepita.

Koko amerudi na uduvi, na habari zako hataki kuzisikia kutoka kwangu tena, anamuuliza Athoumani. Lakini hii barua yako ya mwisho alinipa kiti nimsomee. Nimemsomea yote, neno kwa neno, mpaka lile la achari. Nilipofika pale Echata anapokuita mama, nikaurudia mstari mara mbili. Koko akasema, "Unasoma, au umeanza tena kutunga?"

Imeniuma, dada. Nimeshadanganya vya kutosha kwa barua, hili sitadanganya. Mimi nilimzaa na hajapata kunilisha tonge hata siku moja. Hapa alikuwa anangoja zamu yake. Nimelia jikoni, nikanawa uso, nikapakua.

Na mkono ulivyozoea, nikamwekea Echata kipande chake cha samaki ukingoni mwa sinia, pale alipokuwa akikaa. Nikabaki nakitazama. Kabla sijakiondoa, pacha mmoja akatambaa akakinyakua, kabla ya Koko, kabla ya mtu yeyote. Wote tukangojea kofi. Koko akamtazama tu, akamtoa mwiba mdomoni, akamrudishia.

Huko msingojeane tena, dada. Wali ukiiva, anza wewe.

Mdogo wako,
Halimati